Sehemu ya Tatu: Aina ya Mti

Karani wa kata aliirudisha fomu,
akaigonga kwa kalamu, pale pale:
"Umeandika *mti*. Mti gani?
Hata maiti, ndugu yangu, haiandikiwi kibali bila jina."

Nikarudi Yombo na fomu yenye pengo,
nikasimama uani nikautazama
kama atazamwavyo shahidi aliyekataa kusema.
Miaka kumi na minne nimeanika nguo kwenye tawi lake,
nimepigilia misumari mitatu, nimeegesha baiskeli,
wala sikuwahi kuuliza.
Sasa mizizi imeinua sakafu ya bafu
na Bi Mwantumu, mwenye nyumba, anataka ukuta
kabla mwezi haujaandama.

Nikachuma kijitawi, nikakifunga kwenye gazeti.
Majani mawili mawili, yametazamana
kama wakwe waliokutana mara ya kwanza.
Juu yanang'aa, chini yana vinyweleo.
Ukilifikicha, harufu ya karanga zilizosahaulika jikoni,
halafu, baadaye kidogo, chuma kilicholowa.

Keko, fundi Kibindu hakutaka jani.
"Jani ni nguo. Niletee mfupa."
Siku ya pili nikampa kijiti kinene cha kidole.
Akakichana, akakinusa, akakigusisha ulimi.
"Si mninga. Si mkongo. Mvule ndiyo usiutaje kabisa."
Akakipachika sikioni, palipozoea penseli,
akarudi kwenye randa yake.

Kariakoo, Bi Siwatu wa mizizi na magome
aliujua mara moja, upesi mno:
"Mfungatumbo huu! Na wa mapenzi pia,
ukichemsha mara mbili."
Nikamwonyesha jani la mkungu nililookota njiani.
"Na huo ni mfungatumbo," akasema, "ila dume."

Mlimani, Bi Veneranda alivuta droo baada ya droo:
majani yaliyobandikwa kwenye karatasi ngumu,
kila moja na tarehe, na kijiji,
na mwandiko wa mtu aliyeinama kulichuma.
Akaweka langu chini ya lenzi. Kimya kirefu.
"Umeniletea barua isiyo na sahihi. Ua liko wapi?"
"Haujawahi kutoa ua."
"Umewahi," alisema. "Hukutazama."

Neno hilo nilirudi nalo hadi Yombo.

Nikaanza kutazama. Alfajiri, kabla ya kazi;
usiku, kwa tochi ya simu.
Nikajua sisimizi hupandia upande wa bafu
na kushukia upande wa barabara.
Nikajua misumari yangu miwili imemezwa,
wa tatu umebakiza kichwa tu.
Zawena wa jirani, miaka sita, akaniuliza natafuta nini.
Jina la mti, nikamwambia.
Akacheka hadi akaketi chini:
"Si Salama huu! Ukiugusa, hukamatwi."

Zikaja mvua za vuli.
Jana, kwenye ndoo ya maji ya kuogea,
kitu kidogo kuliko kifungo cha shati,
rangi ya chai ya maziwa, petali tano,
moja imeng'atwa na mdudu.
Nimelilaza ndani ya daftari la madeni,
ukurasa wa Bi Mwantumu.

Asiyekujua hakuthamini, walisema wahenga.
Lakini huu umeishi mwezi mzima zaidi
kwa sababu hatuujui.

Bi Veneranda alisema nimpigie, hata usiku wa manane.
Simu ina chaji. Fomu iko mezani,
imejazwa yote, pengo ni moja.
Nje watoto wanacheza kombolela, mtu anahesabu kwa hila,
kumi, ishirini, hamsini.
Ofisi ya kata hufungwa saa tisa na nusu.
Sasa hivi ni saa tisa.