Pia ya Goti

Hatua tatu anakwenda, ya nne anaruka,
mguu wa nyuma wa kushoto kaukunja tumboni
kama mtu anayeficha barua.
Halafu anaukung'uta, anaushusha, anaendelea,
ananigeukia: kwani kuna nini?

Jengo letu lina vidato sitini na vinne. Lifti halina.
Waliowajengea wafua chuma wa Košice
walidhani magoti hayazeeki.

Daktari Hudáková alimlaza Bodrik ubavu,
akabonyeza kwa kidole gumba. Nikasikia: tk.
"Pia imetoka." Akabonyeza tena. "Imerudi."
Pia! Utotoni nilikuwa nayo ya mti,
nikiichapa kamba uani mpaka ilewe, ilale.
Hii ya mbwa ni punje ya haragwe
na haijui kulala pake.

"Ni daraja la pili," akasema, "linaelekea la tatu."
Nikauliza ng'ambo ya daraja kuna nini.
Hakucheka. Alinichorea mfupa nyuma ya risiti:
mfereji hauna kina, tunauchimba,
tunasogeza kano, tunashona.
Wiki nane asiruke. Euro elfu moja na mia tatu.

Pesa ninazo. Zilikuwa za jiwe la Vendelín,
ambaye tangu Novemba yuko chini ya msalaba wa mbao
wenye namba.
Mwenyewe angesema: mawe hayachechemei, Zlatica.

Nimeendesha tramu miaka thelathini na mmoja.
Gurudumu likiacha reli huliulizi linaumwa wapi;
unapiga simu karakana.
Lakini ipo kelele ya kona ya hospitali.
Tuliiandika daftarini mwaka baada ya mwaka,
mafundi wakaja, wakainama, wakasikiliza, wakaenda zao,
na hadi leo tramu hupita pale zikilia
na hakuna iliyoanguka.
Bodrik wangu ni ipi kati ya hizo?

Daktari wa pili, kijana wa Prešov:
apungue kilo moja kwanza, kinachotembea hakikatwi.
Dada yangu Otília alitengenezwa goti,
sasa analitumia kutabiri theluji, anaishinda redio.
Kila mtu ana goti la kunisimulia
isipokuwa mwenye goti.

Basi nikanunua daftari.
Kila akisimama ngazini, mstari.
Wiki tatu, mistari arobaini na mmoja.
Jumapili niliijumlisha, nikajiona nimekwisha kuamua.

Kisha Ľudka wa ghorofa ya pili akafungua mlango:
"Siku hizi anakungojea vizuri."

Ananingojea?

Nikashuka, nikapanda upya. Safari hii nilijihesabu mimi.
Ghorofa ya pili nashika ukuta. Ya tatu nasimama,
najifanya natafuta funguo.
Naye vidato vitatu mbele, miguu yote minne chini,
mkia ukipiga polepole,
ananitazama kama dereva aliyemwona abiria
akija mbio na mkoba, akaacha mlango wazi.

Usiku ule nilifuta. Mistari ishirini na tisa
ilikuwa ya goti langu.
Ikabaki kumi na miwili, na humo kumi na mmoja
ni ile ya kuruka, kung'uta, kwani kuna nini.

Mmoja ni wa Alhamisi, mvua,
aliposhuka kidato cha mwisho, akalia.
Sauti ndogo. Mara moja.
Akageuka kuutazama mguu wake
kana kwamba ni wa mbwa mwingine
aliyemfuata nyumbani bila kualikwa.

Huo sikuufuta. Nimeukoleza wino.
Kesho saa mbili wanafungua,
nami nitaanzia hapo, kwenye mstari mmoja,
nimwambie Hudáková achore tena, polepole.

Sasa hivi kalala juu ya mguu wangu mbovu.
Umekufa ganzi. Simsogezi.