Kadi ya Njano

Saa moja na dakika arobaini asubuhi,
theluji ya Butte ingali buluu dirishani,
Rylan Sorich anagonga mlango wa jiko langu
kwa kiatu, maana mikono kaificha makwapani.
Namimina uji wa shayiri. Natoa kadi.
Visanduku sita, somo kwa somo:
sifuri, moja, au mbili.
"Leo unataka ngapi?"
"Nane."
Jana alitaka kumi na mbili, akapata tatu.

Ukutani sheria ni tatu, kwa wote mia tatu na kumi:
kuwa salama, kuwa na adabu, kuwa tayari.
Wengi zinawatosha, kama koti.
Wengine hutaka koti na sweta.
Wachache, hata uwavishe vyote,
meno bado yanagongana.

Bi Tregidga alichora pembetatu ubaoni,
chini kijani, katikati njano, kileleni nyekundu,
na jina la Rylan ukingoni mwa njano, kwa penseli.
Nami mpishi, niliyeitwa mkutanoni kwa sababu
mtoto alipoulizwa anamwamini nani shuleni
alijibu, "Yule wa supu,"
nikauliza: huko juu kuna baridi kiasi gani?
Hakuna aliyecheka.

Kisha tukasomewa daftari la Bwana Haugen.
Jumatatu, kiti kilirushwa, saa nne na robo.
Jumatano, penseli zilivunjwa, saa nne na robo.
Ijumaa, alijifungia chooni.
Saa nne na robo
darasa husoma kwa sauti, kila mtu aya yake.
Miezi miwili tumekuwa tukikiadhibu kiti.
Kiti kilikuwa kinasema: herufi hizi hazinijui.

Samaki mkunje angali mbichi, hunena watu.
Huyu si samaki. Ana miaka tisa,
na ameshakunjwa sana
na mikono isiyouliza.

Basi, dakika ishirini kila siku,
watoto watatu, chumba cha ramani,
silabi zimetawanywa mezani kama maharage ya kuchambua.
Na mimi asubuhi, na mimi jioni.
Ndiyo dawa yote.
Tano. Saba. Sita.
Siku baba yake aliyoondoka na gari na televisheni, mbili.
Siku ile sikumwambia neno; nilimpa sufuria aoshe.
Tisa.

Leo kengele ya mwisho imelia, kadi ina saba.
Anasimama mbele ya orodha ya chakula cha kesho,
kidole chini ya neno, analikokota
kama gunia juu ya barafu:
ma... ka... ro...
"Makaroni!" namalizia.

Ananitazama. Anachomoa kadi tupu rundoni,
anachukua kalamu sikioni mwangu,
anaandika jina langu juu, herufi moja imegeuka kinyume,
na kwenye kisanduku cha kwanza ananiwekea moja.
"Ningekupa mbili," anasema,
"lakini umenikatiza nikisoma."