Friza la Kwahani

Lilikata roho Jumaanne, saa nne asubuhi,
halikuugua wala halikuaga.
Miaka sita lilikuwa likinguruma pembeni mwa ukumbi
kama mume aliyezoeleka: humsikii
mpaka anyamaze.

Nikasema, watarejesha. Adhuhuri watarejesha.
Nikaligonga mgongo, nikaichungulia Tukuza:
yuniti kumi na saba, nimezilipia,
zimekaa pale kama noti za nchi iliyofutwa.

Alasiri akapita Pandu na habari:
waya umekatika, ule wa chini ya bahari.
Si mtaa wetu tu. Mjini, shamba, kote,
Nungwi mpaka Makunduchi, kiza.
"Siku tatu," akasema.
Siku tatu zikazaa.

Mwanzo zilikufa barafu za ubuyu,
mia na ishirini, nimezifunga kwa vidole hivi.
Nikawaita watoto wa skuli: njooni mle, bure!
Wakala mpaka meno yakawauma,
ndimi nyekundu, wakiushukuru msiba wangu.
Kisha kuku wa Zuwena, aliowaweka kwangu kwa ajili ya harusi.
Kisha changu wa Shaame.
Mtaa mzima tulikula kama siku ya Iddi,
na hakuna aliyetaka kuhesabu.

Vikabaki vichupa viwili vya wifi yangu Hidaya,
dawa ya sukari.
Hivyo haviliki, na havingoji.
Nikatoka uani, nikaung'oa mrehani
kutoka kwenye mtungi wa marehemu mama,
nikausugua, nikautia maji,
nikaulaza juu ya mchanga mbichi.
Usiku nikiamka, nautia mkono:
u baridi?
U baridi.
Haukuniuliza miaka yote ile nilikuwa wapi.

Mimi nilidhani maji hutoka mferejini.
Kumbe nayo hutoka kwenye umeme.
Alfajiri, madumu yamepanga foleni kisimani
na wenyewe tumesinzia nyuma yake.

Kwa Bwana Seifu jenereta linakohoa hadi asubuhi.
Yeye ana feni,
sie tuna moshi wake.
Kwa Mbwana kinyozi simu zimeanikwa kama dagaa,
mia tano kwa kila roho,
na ukichelewa kuichukua
utaikuta imeshaungua maneno ya watu wengine.

Walikuwepo waliosema, tazameni nyota,
zilikuwa wapi zote hizi!
Nikawaambia, nzuri.
Lakini nyota hazigandishi kitu.

Mwezi wa pili nikaligeuza kabati.
Unga, sukari, kanga zangu,
sare ya Ruzuna ya skuli: panya hawaliwezi.
Harusini kwa Zuwena nilinukia changu,
juu yake udi, na chini ya udi changu tena.
Ruzuna akisoma kwa koroboi,
asubuhi akipenga kamasi nyeusi
ananionesha: mama, hesabu zimetokea puani.

Mpaka usiku mmoja, saa tisa,
sikumbuki hata tarehe, na niliapa nitaikumbuka.
Hakuna aliyejua swichi ipi aliiacha vipi.
Taa ya chooni ikawaka, feni ikaruka na buibui wake,
redio ikaanza katikati ya sentensi
kama mtu aliyetoka kidogo kujibu hodi.
Mtaa mzima ukapiga kelele: umerudiii!
Bwana Seifu peke yake hakusema kitu.

Nami nikalala, taa zote zinawaka, kama mlevi.

Asubuhi Ruzuna anaitafuta sare.
Nikafungua mlango wa friza.
Kanga zimekakamaa kama mbao,
sketi imesimama yenyewe, haina mtu,
unga umetoa moshi mweupe.
Akaivaa hivyohivyo, anapiga mayowe, anacheka,
akaenda skuli anapasuka barafu kiunoni.

"Basi virudishe vichupa vyangu," akasema Hidaya.
Nikamwambia, kesho.
Hiyo ni wiki ya tatu sasa.
Usiku bado naamka,
nalisikia lile linanguruma ukumbini,
nanyoosha mkono uani, kizani,
naugusa mtungi.