Mkono wa Döndü

Mei hiyo, Cihanbeyli, mawingu yalipita bila salamu.
Ngano ikafumba vinywa vya majani yake,
vile vidogo visivyoonekana:
afadhali njaa kuliko kiu.
Jani la juu likajikunja kama sigara anayosokota Rıza.

Maua yalichanua siku ya upepo mkavu;
chavua ikafia njiani.
Kisha shina, kama nyumba yenye madeni,
likatoa akiba yake ya sukari,
likaipandisha sukeni, kidogo kidogo,
mpaka likabaki mrija mtupu.

Julai, Döndü anafikicha suke kiganjani,
anapuliza makapi.
Punje kumi na moja, zimesinyaa.
Mwaka juzi zilikuwa arobaini.

Anazihesabu tena.
Rıza anauliza kama mbegu itapatikana.

Döndü anafumba mkono.