Kikombe Kabla ya Kamera

Mzee Obonai, kunywa.
Najua ni kichungu, najua kina ukungu
kama maji ya kuoshea mchele,
lakini hiki ndicho kifagio changu:
humo mna dawa ya kukata ute
na dawa ya kupasua mapovu.
Kamera, usiione ina taa,
mbele ya povu ni kipofu.

Sasa lalia ubavu wa kushoto. Polepole.
Geuka kulia. Sasa kifudifudi,
kama mtoto aliyenuna.
Nje theluji ya Yokote imefika madirishani.
Asubuhi nimeishika koleo, nimefukua gari nusu saa,
kumbe la jirani.
Tumbo lisiloandaliwa ndivyo lilivyo:
unachimba kwa bidii, mahali sipo.

Mwaka juzi, kitanda hikihiki,
Bi Tsuyako wa duka la nyuzi
tulimpitisha mbio, foleni ilikuwa ndefu.
Daktari akaandika: safi.
Palikuwa na povu, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho,
kule chini, karibu na mlango wa kutokea.
Nililiona.
Sikusema.
Doa lilikuwa limelala chini yake,
limejifunika shuka.

Kwa hiyo usinikunjie uso.
Nikisema geuka, geuka.

Ngoja kwanza.
Pumzi yako ina moshi.
Nani alikuambia figili ya kukaushwa juu ya moto wa mcheri
si chakula?
Kipande kimoja? Alfajiri?
Unasema ulimpelekea mkeo madhabahuni,
mbele ya picha yake,
ukaona haya ale peke yake.

Daktari Kudo anachungulia mlangoni,
glavu tayari mkononi. Namtikisia kichwa.

Mzee wangu,
machozi yako nitayapangusa,
lakini hiyo figili kwenye skrini itakuwa gogo,
na nyuma ya gogo sijui kuna nini.
Hapana, sikasiriki.
Vaa koti. Funga skafu vizuri.
Jina lako nalifuta hapa, naliandika kesho, juu kabisa,
saa mbili na nusu, kabla ya walimu wa shule.
Nitakukorogea kikombe kingine,
safari hii kwa maji ya vuguvugu.

Na usiku huu ukiwasha ubani,
mwambie mkeo
asikungoje mezani.