Usijaze Mpaka Juu

Kesho ufunguo ni wako, Phurba.
Kwa hiyo leo kaa upande wa abiria, funga mkanda,
simu weka mfukoni, unisikilize.

Hapa Simbhanjyang barabara imemaliza kupanda.
Mbele yetu ni kushuka tu mpaka Hetauda,
kona juu ya kona, utumbo wa mbuzi,
na ukungu bado haujaamua kama utaondoka.

Watu husema: kanyaga mafuta.
Nami nilisema hivyo miaka kumi na mmoja.
Siku hizi nakanyaga na mafuta hayapo;
ulimi haujapata neno jipya
lakini mguu umepata kazi mpya:
kuachia.
Kuachia polepole, Phurba, kama unayemlaza mtoto.
Ukiinua unyayo, mota inageuza nia,
iliyokuwa ikitoa sasa inapokea,
gari linahisi mkono kiunoni.
Mteremko ni chakula. Betri inaula kona kwa kona,
na tarakimu pale kiooni zinapanda
huku sisi tunashuka.

Baba yangu, Harka Moktan, alipitisha lori la saruji njia hii hii.
Alirudi nyumbani akinuka breki.
Sisi watoto tulidhani ndiyo harufu ya baba.
Siku zilipomkatalia, alilisugua lori kwenye ubavu wa mlima
mpaka likachoka.
Mlango wa kushoto uliong'oka
ndio mlango wa banda letu la kuku mpaka leo.
Hakulisimulia jambo hilo. Alifunga bawaba tu.

Sasa nisikie mimi, ambaye sikufunzwa na mlango ule.
Wiki ya kwanza ya gari hili nililala gesti kwa Bi Lopchan, hapo juu,
nikachomeka waya usiku kucha.
Alfajiri: mia kwa mia.
Nikajiona tajiri.
Abiria kumi na wawili, magunia manne ya koliflawa,
bibi mmoja na jogoo kwenye kikapu.
Kona ya kwanza nikainua mguu,
na ule mkono haukuja.

Gari likaenda tu, kimya,
kama mgeni anayeondoka bila kuaga.
Kialama cha njano kilikuwa kinawaka tangu tulipotoka;
nilidhani ni pambo.
Mwenye shibe hamjui mwenye njaa,
na betri yenye shibe haiujui mlima.
Nikakanyaga breki, breki ya chuma,
ikashika. Kona ya pili ikashika.
Kona ya tano, dirishani,
akaingia baba.

Nilisimama penye kibanda cha chai,
nikaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu.
Nikanywa vikombe viwili, abiria wakinung'unika,
jogoo akiwika saa tatu asubuhi bila aibu.
Nilipotemea mate kwenye rimu, yalichemka.
Sikumwambia mtu. Wewe ndiye wa kwanza.

Kwa hiyo ukilala juu, chaji themanini, uchomoe.
Bi Lopchan atacheka, atasema umeme umeshalipiwa.
Mwache acheke.
Acha nafasi ya mlima ndani ya gari.

Na siku ya barafu, au majani yaliyolowa chini ya miti ile,
punguza nguvu ya ule mkono,
maana ukivuta ghafla, tairi zinateleza
kabla hujajua umevuta.
Na breki ya chuma usiisahau ikala kutu kwa kukosa kazi;
iguse kila asubuhi, kabla ya mteremko,
kama unavyougusa mlango kuhakikisha umefunga.

Haya. Ukungu umepasuka kidogo.
Tazama mguu wangu, usitazame uso.
Tumeanza kwenda. Unasikia kitu?
Husikii.
Basi shusha kioo, toa kichwa,
mwite yule mwanamke mwenye mzigo wa kuni:
hajui kwamba tuko nyuma yake.