Kata

Kumbukumbu za kikao, nilizoziandika mwenyewe, zinasema:
Hoja ya kumi na moja. Basi Nambari Tisa lifutwe.
Waliounga mkono, saba. Waliopinga, sita.
Kikao kilifungwa saa nne na dakika ishirini usiku.
Ni kweli tupu. Karani hatii chumvi.

Lakini karatasi haikumwona
Diwani Irja Kauppila akivua miwani,
akiifuta kwa ncha ya skafu, na haikuwa na vumbi;
wala haikusikia kile kimya
ambamo Meya Prokopchuk aliinua kalamu
akaisahau hewani.

Wiki tatu kabla, chini ya kanisa la Walutheri,
aliwaambia watu wake: Tisa halifi nikiwapo.
Wakampigia makofi na glavu mikononi,
makofi bubu.

Huku Thunder Bay, Januari haina mzaha.
Diwani ndiye anayepigiwa simu alfajiri
kwamba greda limejenga mlima wa theluji nyuma ya gari,
kwamba taa ya kona imekufa,
kwamba nani aliruhusu ule msonobari uangushwe.
Simu humkuta duka la dawa, akihesabu vidonge vya wengine.
Nimekusikia, husema, na huandika juu ya bahasha kuukuu.
Hakuna aliyewahi kumpigia kumwambia
taa imewaka.

Kisha likaja bomba.
Fundi wa maji alikiweka kipande mezani petu,
kijivu, kizito, kimetoka mtaa wa Tamarack:
risasi.
Si ile inayolia. Hii hulala ardhini miaka themanini,
huamkia bilaurini, huingia chupa ya mtoto,
na mtoto akifika darasa la tatu
hesabu ya jana haikumbuki.
Nyumba mia mbili na sita.
Na kasha la fedha ni moja,
lile lile lililobeba basi.

Neno nalo ni moja.
Kata, ni watu waliokutuma.
Kata, ni ya kutekea maji mtungini.
Kata, ni amri anayopewa mwenye kisu.
Nani anaweza kuwa diwani wa yote matatu
kwa usiku mmoja?

Akainua mkono. Wa saba.

Ijumaa, safari ya mwisho. Mimi pia ni abiria wa Tisa.
Nilimkuta kituoni, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
bila hotuba, bila mpiga picha,
kope zimeganda weupe.
Wilfred Nodin, fundi viatu, hakungoja afike kitini:
Umetuuza.
Irja akavua glavu.
Mkono ni huu huu, akasema.
Akauacha wazi pale, kwenye baridi, tuutazame
mpaka ukawa mwekundu, na Wilfred akageukia dirisha.

Bi Oksana Hnatiw husafishwa figo mara tatu kwa wiki.
Alikuwa amempa mgongo.
Irja akatoa bahasha.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, akasema. Gari langu lina joto upande mmoja tu.
Saa ngapi?
Kimya. Tukapita ghala za nafaka, tukapita reli,
tukapita shule iliyofungwa na baraza lililotangulia.
Saa moja na nusu, akasema yule mama, bila kugeuka.
Na usichelewe.

Mtaa wa Tamarack hautachimbwa hadi Mei; ardhi sasa ni chuma.
Mtoto atakayekunywa maji yale
hatajua palikuwa na basi.

Haya hayamo kwenye kumbukumbu.
Hayakuwa na mtoa hoja, wala wa kumuunga mkono.
Nimeyaandika pembeni, kwa penseli,
mahali ambapo karani haruhusiwi,
nikashuka kituo changu,
nikatembea.